Kijitaa chekundu cha LUKU

Mzee wangu ana kawaida ya kupita chumba hadi chumba kila usiku akizima taa. Uniti za umeme zikiisha mapema, kesi inawaangukia wajukuu: nani aliacha taa ya choo inawaka? Nami nilikuwa upande wake, mpaka Jumamosi moja nilipochukua kigoda nikakaa mbele ya mita, simu mkononi, nikihesabu sekunde.

Mita nyingi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zina kijitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Yaani kikipepesa mara 1,000, uniti moja imeliwa. Pima sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika ndani ya nyumba wakati huo. Sekunde 36 ni wati 100; sekunde 2 ni wati 1,800. Mita iliyoandikwa 1600 hesabu yake inaanzia 2,250, na ya 3200 inaanzia 1,125. Waliofungiwa mita juu ya nguzo itabidi wahesabu wakiwa barabarani, na majirani watauliza maswali.

Nilichomoa kila kitu hadi kijitaa kikatulia, halafu nikarudisha kimoja kimoja, kila kimoja peke yake. Balbu ya LED ya wati 9 ilinisubirisha karibu dakika 7 kupata mpepeso mmoja. Kilichofuata ni king'amuzi, nacho kilikuwa kimezimwa kwa rimoti. Dakika 6. Nilirudia nikidhani nimekosea. King'amuzi kilicholala kilikuwa kinakula wati 10, zaidi ya balbu inayowaka. Tena balbu huwaka saa 5 kwa siku, ambazo kwa mwezi hazifiki uniti moja na nusu, wakati king'amuzi hakipumziki: uniti 7 na ushei kila mwezi, televisheni ikiwa imezimwa.

Pasi na jagi la umeme vilikifanya kijitaa kicheze kama kimepagawa, ila kazi yao ni ya dakika chache. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji kama sehemu 9 kati ya 100 za uniti. Hasara ipo kwenye kulijaza jagi lita 1.7 kwa ajili ya vikombe viwili vya chai, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa desturi.

Mtuhumiwa mkubwa alikuwa friji letu la mtumba. Kulipima kwa mpepeso mmoja hakufai, kwa sababu kompresa huwaka na kujizima. Nikasoma salio la uniti saa 4 usiku, nikaacha friji peke yake kwenye umeme, nikasoma tena saa 10 baadaye... hapana, saa 8 ndizo nilizoweza. Mzee huamka alfajiri na kuwasha redio. Katika saa hizo 8 zilikatika uniti 0.9. Zidisha kwa 3 upate siku nzima, kisha kwa 30: uniti 81. Na huo ni usiku, hewa imepoa na hakuna mtoto anayefungua mlango kutafuta maji ya baridi.

Nilianza na mgongo wake. Friji halitengenezi baridi. Linatoa joto ndani na kulimwaga nje kupitia zile bomba nyembamba za nyuma. Zetu zilikuwa zimevaa vumbi kama sweta, na friji lenyewe limesukumwa hadi ukutani, jirani na jiko la gesi. Baada ya kufuta na kulisogeza, usiku uliofuata ulikula 0.8. Siku ya pili niliyeyusha barafu iliyojaa kwenye friza, kwa subira na beseni, bila kisu, maana kisu hutoboa bomba na gesi ikatoka. Ikawa 0.7. Siku ya tatu nikabana noti ya shilingi elfu kwenye mlango, nikaivuta, ikatoka bila ubishi. Mpira ulikuwa umekakamaa. Fundi akaweka mwingine, nami papo hapo nikarudisha swichi ya baridi kutoka 7 hadi 3, nikawa nimeharibu jaribio kwa kubadilisha mambo mawili kwa mpigo. Lakini usiku ule zilikatika 0.5 tu.

Hizo ni uniti 45 kwa mwezi badala ya 81. Uzito wa tofauti hiyo unaonekana kwenye bei. Kwa viwango vya mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi 75 za mwezi, na kila iliyozidi hapo ilikuwa shilingi 350, kodi na tozo ukiziweka kando. Friji letu peke yake lilikuwa linavuka mstari huo kabla hata balbu moja haijawashwa. Mradi matumizi mengine ya nyumba bado yanavusha jumla juu ya 75, uniti 36 zilizopungua zote zilikuwa za bei ya juu: shilingi 12,600 kwa mwezi.

Mzee alisikiliza hesabu yote kimya. Taa ya choo bado anaizima. Ila siku hizi, akimaliza vyumba, anainama nyuma ya televisheni na kuchomoa king'amuzi, kisha anaingiza vidole pembeni mwa mlango wa friji kuona kama mpira umeshika.