Sura Iliyorukwa: Lance Armstrong na Hadithi za Kurudi

Wasomaji wenzangu, uhakiki huu nimeuandika mara tatu. Mara ya kwanza nilisifu, mara ya pili nilitukana. Huu wa tatu ndio nautoa, maana safari hii nimejihakiki na mimi mwenyewe.

Kitabu kinaitwa It's Not About the Bike. Kwa Kiingereza changu cha sekondari ni kama kusema "Habari Yenyewe si Baiskeli". Kimeandikwa na Lance Armstrong, Mmarekani wa Texas, akisaidiwa na mwandishi wa michezo Sally Jenkins, na kilitoka mwaka 2000. Mimi nilikinunua mwaka 2014, kidato cha tatu, kwa muuza vitabu anayetandaza turubai chini. Jalada lilikuwa limechakaa na kurasa mbili zilikuwa na doa la chai. Nikaona nimeokota dhahabu.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1993 kijana wa miaka 21 anakuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli mjini Oslo. Oktoba 1996 anaambiwa ana saratani ya korodani, na imekwisha panda kwenye mapafu na ubongo. Anapasuliwa, anatundikiwa madripu ya dawa kali, anapona. Timu yake ya Ufaransa inaachana naye. Anarudi mbioni mwaka 1998, lakini katika mashindano ya Paris–Nice anaweka baiskeli pembeni ya barabara na kuacha. Baadaye anakwenda kujifua kwenye milima ya Boone, North Carolina, na mvua inamnyeshea huko mpaka hamu inamrudia. Julai 1999 anashinda Tour de France. Pazia linafungwa, makofi.

Sasa sikia mimi nilikisoma katika hali gani. Kwetu Shinyanga baiskeli ni miguu ya watu. Nilikuwa nashiriki mbio za vijana, na si kwa kubahatisha, nilikuwa naogopwa. Mwaka ule nikashikwa na kifua kikuu. Dozi ni miezi sita, na vidonge vinakufanya mkojo uwe mwekundu kama soda. Kitabu hiki kilikuwa chini ya mto wangu. Nilijiambia, kama yule karudi na saratani ya ubongo, mimi na kikohozi changu nitashindwa nini?

Dozi ikaisha, nikarudi mbioni. Kama kilomita ya ishirini hivi kifua kilibana, nikakaa chini ya mwembe. Gari la kubeba maji likanichukua, baiskeli nyuma, mimi mbele na dereva ambaye kwa heshima hakuniuliza kitu. Usiku ule sikuulaumu ugonjwa, nilijilaumu mimi. Kitabu kilikuwa kimenifundisha kwamba anayerudi ni mwenye moyo. Basi mimi sina moyo.

Kumbe jamani, wakati nalia chini ya mwembe, dunia ilikwisha jua. Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa za kusisimua misuli lilitoa ushahidi wake, na chama cha dunia cha mbio za baiskeli kikaridhia afutiwe matokeo yote kuanzia Agosti 1998. Januari 2013 alikiri mwenyewe mbele ya Oprah Winfrey kwamba katika ushindi wake wote saba wa Tour de France alitumia dawa. Kulikuwa na EPO inayoongeza chembe nyekundu za damu, na kulikuwa na kuongezewa damu. Leo ukifungua orodha ya washindi wa mbio zile, kuanzia 1999 hadi 2005 pana pengo. Hakuna jina. Lakini kitabu cha mtumba hakiji na masahihisho, na yule muuzaji wa turubai alikuwa anauza tu.

Tuingie kwenye fani. Uhakiki wangu wa pili ulisema hivi: kurasa za hospitali ni za kweli, kurasa za baiskeli ni za uongo, na msomaji makini angehisi tofauti. Hospitalini mwandishi anatupa vitu vya kushika. Kuna mahali madaktari wa Indianapolis wanapima dawa. Ile ya kawaida ingeweza kuharibu mapafu yake, kwa hiyo wanachagua mchanganyiko mwingine, mgumu zaidi kuuvumilia lakini unaoyaacha mapafu salama. Hapo mwanariadha anaonekana mzima mzima: mtu anakaribia kufa na bado anahesabu pumzi za mlimani. Ukifika kwenye ushindi wenyewe vitu vya kushika vinapungua, na nafasi yao inachukuliwa na moyo, hasira na wabaya wake. Kila akisukuma pedali, sababu ni moyo.

Nikaona nimemaliza kazi. Halafu nikasoma ushahidi wa Betsy Andreu, ambaye mume wake alikuwa mwendesha baiskeli mwenzake. Alieleza chini ya kiapo kwamba Oktoba 1996, katika chumba cha hospitali kule Indiana, alimsikia Armstrong akiwaambia madaktari dawa alizokuwa akitumia michezoni hata kabla ya ugonjwa. Oprah alipomuuliza juu ya chumba kile, Armstrong alikataa kulijibu hilo.

Nikarudi kwenye kurasa zangu pendwa za hospitali. Chumba kimo, madaktari wamo, dripu imo. Mazungumzo hayo hayamo. Kwa hiyo nadharia yangu ya nusu kweli nusu uongo ikaanguka. Maumivu ni ya kweli, sikatai, na mtu aliyepona saratani hatukani mtu kwa kupona. Lakini hata sura iliyoandikwa vizuri inaweza kuwa na ukurasa uliorukwa, na uzuri wake ndio unaotuzuia tusiutafute.

Mshikaji wangu mmoja, naye ni mwandishi, ananiambia, "Si uichukulie kama riwaya tu?" Mwaka 2013 wasomaji fulani walimshtaki kule California kwa kuuziwa ubunifu kama ukweli, na jaji akatupa madai yao kwa hoja ya uhuru wa kusema. Sheria ni sawa. Ila sisi wa riwaya tusijifiche humo. Hata katika riwaya, mhusika akishinda, sababu lazima iwemo ndani ya kitabu. Ukiificha, umemwibia msomaji, na yeye atalipa kwa mwili wake mwenyewe.

Mnaotaka mfano wa kurudi kwingine, mtazameni Greg LeMond, Mmarekani pia. Alishinda Tour de France ya 1986. Aprili 1987 alipigwa risasi za marisau kwa bahati mbaya porini, wakiwinda, na nyingine zilibaki mwilini. Kurudi kwake hakukuwa mstari ulionyooka. Kwenye mbio za Italia za 1989 aliteseka, akamaliza wa 39. Julai mwaka huo huo alianza siku ya mwisho ya Tour akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akashinda mbio nzima kwa sekunde 8. Akashinda tena 1990. Halafu mwili ukaanza kugoma, na mwaka 1994 akastaafu. Mwandishi wa hadithi za kurudi angekata kisa kwenye zile sekunde 8. Mimi ningependa kusoma ile nafasi ya 39.

Sasa nijishtaki. Nina mswada, kurasa 140, daftari nne. Shujaa wangu anaugua kifua kikuu, anarudi na kushinda. Sura ya tisa anameza kidonge cha mwisho, sura ya kumi anavishwa shada. Dada yangu, ambaye ndiye alikuwa akinishika mkono kwenda kliniki kila asubuhi, aliusoma akaniuliza, "Kati ya hapa na hapa kulitokea nini?" Nilimjibu kwamba msomaji anataka ushindi. Naye akasema, "Nilikuwepo mimi. Wewe ulirudi na gari la maji."

Sura ya kumi nimeichana. Mahali pake kuna mwembe, na dereva asiyeuliza kitu. Sijui bado kama shujaa wangu atapanda tena baiskeli.