Elementaita Kabla ya Saa Tatu

Kuhesabu ndege wa majini ni kazi ya Januari. Hesabu ya kimataifa iliyoanza mwaka 1967, ambayo leo huratibiwa na Wetlands International, huwapeleka watu kwenye maziwa na mabwawa katikati ya mwezi huo. Kenya imo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: Makavazi ya Kitaifa, Shirika la Wanyamapori na watu wa kujitolea wa Nature Kenya hugawana maziwa ya Bonde la Ufa, kila kundi na ufuo wake. Januari ilichaguliwa kwa kuwa wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wamekwisha kutulia. Kitwitwi uliyemwona Naivasha Jumatatu yumkini atakuwa papo hapo Jumamosi. Hatakuwa ameshafika Sudan akahesabiwa mara ya pili na mtu mwingine.

Asubuhi ninayoichambua hapa ilikuwa ya Machi, ziwani Elementaita, vumbi la kiangazi likiwa bado barabarani na masika hayajaanza. Kule kaskazini majira ya kuchipua ndiyo yanabisha hodi. Kwa hesabu rasmi huu ni mwezi wa hasara, maana ndege wanaondoka usiku, wengine wanaingia kutoka kusini, na nambari ya leo si ya kesho. Hata hivyo yapo maswali ambayo Januari haiyajibu, na kuyajibu kunataka utaratibu uleule, ila ufuatwe kwa ukali zaidi. Nambari ya ndege hutengenezwa na utaratibu. Mwenye macho makali asiye nao hurudi nyumbani na hadithi tamu tu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa pa kusimama. Elementaita ni ziwa dogo la magadi, la kina kifupi, lililolala kati ya Naivasha na Nakuru. Liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka 2005, na mwaka 2011 likawa urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inapita upande wake wa mashariki, na hapo ndipo mahali pa kusimama asubuhi. Ukiwa mashariki jua liko mgongoni, ndege wote mbele yako wamemulikwa, na rangi ya mdomo inaonekana ilivyo. Ukiwa upande wa pili saa hizohizo utaona vivuli vyeusi vyenye miguu. Jambo hili ni la mtoto, lakini nimeona magari mangapi ya watalii yakielekezwa kwenye jua na kila mtu akilaumu darubini yake!

Tulikuwa wachache, tukiwa na darubini za mkononi na moja kubwa ya miguu mitatu, tukiteremka polepole kuelekea chemchemi za moto za Kekopey. Maji ya chemchemi yana chumvi kidogo kuliko ya ziwa, kwa hiyo ndege huja hapo kunywa na kuoga. Anayesimama hapo pekee ataona aina nyingi sana na kudhani ziwa zima liko hivyo. Ndiyo maana ufuo uligawanywa vipande, kila kipande kikaandikwa peke yake, hata kile ambacho hakikuwa na ndege hata mmoja. Sifuri iliyoandikwa ina kazi. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama hapakuwa na ndege au hapakuwa na mtu.

Tuje kwenye saa, ambayo ndiyo iliyobeba asubuhi nzima. Wengi hudhani tunaamka mapema kwa sababu ndege huimba alfajiri. Hilo ni la msituni. Ziwani kuna sababu nyingine, na kubwa kuliko zote inaitwa mwari. Mwari weupe hulala Elementaita kwa wingi, na maji yanapokuwa kwenye kimo kinachowafaa huzaliana kwenye visiwa vyake vya mawe, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki. Lakini ziwa lenyewe halina samaki wa kuwatosha. Chakula chao kiko Naivasha, kilomita zipatazo 30 kusini, au Nakuru ambako ni karibu zaidi. Na Nakuru nako samaki ni wa kupandikizwa: perege wadogo wa Ziwa Magadi waliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, mwari wakafuata karamu ambayo hawakualikwa.

Sasa, mwari mmoja mzito hufika kilo 10. Kupiga mbawa mwendo wote huo ni gharama asiyoweza kuilipa kila siku, hivyo husubiri ardhi ipate joto, hewa ianze kupanda, kisha hupaa akizunguka bila jasho hadi juu, na kuteleza kuelekea anakokwenda. Hewa hiyo haianzi kupanda kabla jua halijakolea. Kwa kawaida mzunguko wa kwanza huonekana kuanzia saa tatu hivi, na mawingu yakiwepo huchelewa zaidi. Kabla ya hapo mwari wote wako chini na wanahesabika. Baada ya hapo unahesabu waliobaki, na mwenzako wa Naivasha akianza kazi saa tano anawahesabu walewale waliokutoroka. Mkijumlisha daftari zenu mwari wameongezeka, na hakuna hata yai moja lililoanguliwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alitusimamia kidogo akatuuliza, “Vijana, mnatafuta nini hapo?” Tukamwambia twahesabu ndege. Akawatazama mwari, akatutazama sisi. “Na wakiruka?” Nimesoma miongozo mirefu ya hesabu za ndege ambayo haifiki kwenye swali hilo haraka kama alivyofika yeye.

Kinyume cha mwari ni heroe, ambao wengi wetu twawaita flamingo. Hao huhama kutoka ziwa hadi ziwa usiku. Mchana wanatulia, kwa hiyo ndani ya siku moja nambari yao haiyumbi sana, lakini kati ya jana na leo ziwa linaweza kupoteza maelfu bila mtu kuwaona wakitoka. Ukiwahesabu heroe wa Elementaita Jumanne na wa Bogoria Alhamisi, hujui umehesabu makundi mawili au moja. Kwa mwari tatizo ni saa. Kwa heroe tatizo ni tarehe.

Kuhesabu kundi la maelfu ya heroe kunaonekana uchawi kwa asiyejua, na kwa kweli ni kazi ya kuchosha tu. Unaanza na kumi. Unawahesabu mmoja mmoja, kisha unakariri nafasi wanayoichukua kwenye darubini. Kutoka hapo unapata mia, unaikariri nayo, halafu unaitembeza mia hiyo juu ya kundi lote jinsi fundi anavyopanga vigae sakafuni. Ugumu uko katikati ya kundi, ambako wamebanana kuliko pembeni; mia uliyoipima pembeni ukiipeleka katikati itakupunja. Jicho la binadamu lina tabia ya kupunguza makundi makubwa, na kadiri kundi linavyokua ndivyo upungufu unavyokua. Dawa yake ni watu wawili kuhesabu kundi lilelile, mmoja akianzia kushoto na mwingine kulia, bila kuambiana mpaka kila mmoja ameandika. Nambari zikitofautiana sana, mnarudia. Zikikaribiana, mnaandika zote mbili. Anayeandika wastani peke yake ameficha kipimo cha shaka, na shaka hiyo ndiyo atakayoihitaji mtu atakayelinganisha nambari hizi na za mwaka ujao.

Urefu wa mahali pa kusimama pia una siri yake. Kutoka ufuoni kundi linajibana mbele ya macho, wa mbele wanawafunika wa nyuma. Kutoka mwinukoni linafunguka, lakini huwezi tena kutofautisha aina. Tulichofanya ni kuchukua jumla kutoka juu, kisha kuteremka kutafuta uwiano. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu wa kiza na waridi iliyokolea. Heroe mkubwa ni mrefu, amepauka, mdomo wake ni waridi wenye ncha nyeusi. Hata ulaji wao unawasaliti: mdogo hupitisha mdomo juujuu ya maji akichuja mwani wa spirulina, mkubwa huzamisha kichwa na kuvuruga tope akitafuta wadudu na vijidudu vingine. Uwiano huo haupimwi sehemu moja. Wakubwa, kwa miguu yao mirefu, husimama kwenye maji ya kina zaidi, na ukipima ukingoni tu utatangaza kwamba karibu hawapo.

Wakati huohuo walitazamwa weusi-kijivu, yaani vijana ambao hawajapata waridi, rangi inayochukua miaka miwili mitatu kukamilika. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron, Tanzania. Kwa hiyo sehemu ya wenye rangi ya kijivu hapa Elementaita ni taarifa ya kilichotokea ng'ambo ya mpaka, kwenye matope ya magadi ambako binadamu hafiki kwa miguu. Na kundi likipungua Nakuru si lazima limekufa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limefurika, likameza hata lango kuu la hifadhi. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, heroe wakaondoka. Magazeti yaliandika kwamba wametoweka, ilhali walikuwa wamehama tu kutafuta mahali pa kula.

Orodha ya aina nyingine ilifuata utaratibu wa Ramani ya Ndege ya Kenya. Nchi imegawanywa miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, kila upande ukiwa takriban kilomita 9, na orodha kamili hutaka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii, aina zikiandikwa kwa mpangilio ulioonekana. Mpangilio huo wapuuzwa na wageni, lakini aina inayoandikwa mapema katika orodha nyingi ni ya kawaida, na ikianza kusogea chini mwaka hadi mwaka kuna jambo. Hapa hakuna haja ya kuhesabu mmoja mmoja. Kinachosema ni katika orodha 100 za mraba huo, ndege fulani ameonekana katika ngapi. Jijini Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kuanzia miaka ya 1970, yamewafundisha watu wengi nidhamu hii bila kuiita sayansi.

Kisha tukageukia vitwitwi, na hapo ndipo Machi ilipolipa. Kitwitwi mdogo, Calidris minuta, kwa kawaida hafikii hata gramu 30, na anarudi kuzaliana kwenye nyika za baridi za Aktiki. Jamaa yake mkubwa, Calidris pugnax, yule ambaye dume lake huota kola ya manyoya shingoni, pete alizofungwa zimeonyesha kwamba huenda mpaka Siberia. Wanaokaa kwetu ni majike kwa wingi, kwani madume wengi hupitisha baridi kaskazini zaidi, na madume wachache walioko hutangulia kuondoka. Katika darubini kubwa tulitazama matumbo. Ndege anayejiandaa kusafiri hulimbikiza mafuta, tumbo likatokeza nyuma ya miguu, na mwendo wake juu ya tope unabadilika. Tuliandika kila mmoja kwa ngazi tatu: bapa, limejaa, limetokeza. Hakuna kifaa cha ziada, ni subira tu.

Linashangaza swali la nani huwaambia kwamba wakati wa kuondoka umefika. Kwenye ikweta mchana na usiku havibadiliki kwa kiasi cha kumwamsha ndege. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwachukua ndege wadogo wa Kenya, wale wasiohama kabisa, akawaweka maabara chini ya mwanga usiobadilika, na kwa miaka waliendelea kunyonyoka manyoya na kujiandaa kuzaliana kwa mzunguko wao wenyewe, ambao haukuwa miezi 12 kamili. Saa iko ndani. Majira ya nje huirekebisha tu. Kwa mchambuzi maana yake ni kwamba mafuta ya Machi yanaonekana Elementaita hata kama masika yamechelewa.

Kufikia saa nne mazigazi yalikuwa yamepanda juu ya maji, miguu ya ndege ikitetemeka kwenye darubini, na tukafunga daftari. Wanaoendelea kuhesabu saa hizo wanahesabu hewa.

Ningekuwa na sauti kwenye kikao cha wahesabuji, nisingegusa Januari. Ningeomba siku moja zaidi, wiki ya tatu ya Machi, vikundi vitatu vikianza saa kumi na mbili na nusu kwa pamoja: Elementaita, Nakuru na Naivasha. Pasiwe na orodha ndefu. Mwari wahesabiwe kila nusu saa mpaka saa nne, ili ionekane wanatoka wapi na kuingia wapi. Vitwitwi wapimwe matumbo. Watu wapo, mafuta ya magari matatu yanapatikana, na fomu ya Januari inafaa ilivyo, ikiongezwa safu moja ya saa.