Ufundi wa Kuacha Nafasi

Jedwali la elementi hubandikwa ukutani katika maabara za shule, na kwa wanafunzi wengi hubaki kuwa kitu cha kukariri tu: haidrojeni, heliamu, lithiamu, na kuendelea mpaka pumzi ikate. Anayelitazama hivyo anapitwa na uhondo wake. Jedwali hili ni kazi ya mafundi, watu waliopima, wakalinganisha, wakapanga na kupangua. Na ufundi wao huonekana zaidi pale walipokataa kujaza nafasi kwa kitu kisichostahili kukaa hapo.

Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg, Urusi, akiandika kitabu cha kiada. Juzuu ya kwanza ilikuwa imeishia kwenye klorini na jamaa zake. Swali lililomkaba ni lile linalomsumbua kila mwalimu anayeandaa masomo: kifuate nini, na kwa nini kifuate hicho? Elementi 63 zilikuwa zimeshajulikana, kila moja na tabia zake, na hakukuwa na utaratibu uliokubalika wa kuzifundisha. Tarehe 1 Machi, kwa kalenda yetu ya leo, alishika barua iliyomwalika kukagua viwanda vya jibini, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake uzito wa atomu za elementi mbalimbali.

Aliweka ukoo sambamba na ukoo. Huku florini 19, klorini 35.5, bromini 80, iodini 127. Huku sodiamu 23, potasiamu 39, rubidiamu 85, seziamu 133. Ukoo wa kwanza ni wa elementi kali zinazoshambulia metali. Wa pili ni wa metali laini, zinazokatika kwa kisu na kuchachamaa zikiguswa na maji. Kitabia ni mbingu na ardhi. Lakini tazama namba: kutoka florini kwenda sodiamu ni hatua ya 4, klorini kwenda potasiamu ni 3.5, bromini kwenda rubidiamu ni takriban 5, iodini kwenda seziamu ni 6. Kila elementi ya ukoo wa kwanza inafuatwa kwa karibu na elementi ya ukoo wa pili. Hilo haliwezi kuwa jambo la bahati nasibu.

Wengine walishawahi kunusa mpangilio huo. Kilichomtofautisha Mendeleev ni uamuzi aliofanya alipofika kwenye zinki, yenye uzito wa 65. Inayofuata kwa uzito, miongoni mwa zilizojulikana wakati huo, ilikuwa aseniki, 75. Kama angefuata foleni tu, aseniki ingeangukia kwenye ukoo wa aluminiamu, ambako haifanani na yeyote. Tabia zake ni za ukoo wa fosforasi. Basi akaisogeza hadi kwa jamaa zake, na nafasi mbili zilizobaki katikati akaziandikia alama ya kuuliza pamoja na uzito: 68 na 70. Alifanya kama mwashi anayeinua ukuta na kuacha uwazi wa dirisha kwa vipimo kamili, ilhali seremala bado hajaleta fremu.

Mwaka 1871 alikwenda mbali zaidi. Alieleza kwa kina elementi tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona: uzito wa atomu zake, msongamano wake, namna zitakavyoungana na oksijeni na klorini. Aliweka maneno yake mahali ambapo yeyote mwenye mizani angeweza kuyakanusha.

Miaka minne baadaye, Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, mtu wa mji wa Cognac, alikuwa akichunguza madini ya zinki kwa spektroskopu, chombo kinachopasua mwanga na kuonyesha mistari ya rangi ya kila elementi. Akaona mistari miwili ya zambarau isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Ndiyo galiamu, metali inayoyeyuka karibu na nyuzi 30 za Selsiasi, yaani joto la kiganja linatosha. Lecoq alipima msongamano wake akapata 4.7. Kutoka St Petersburg Mendeleev, ambaye hakuwa amewahi kuigusa, aliandika kwamba namba hiyo haiwezi kuwa sawa. Inapaswa kukaribia 5.9. Lecoq alisafisha sampuli yake upya, akapima tena. Ikawa 5.9.

Skandiamu ilifuata mwaka 1879, na jerimaniamu mwaka 1886. Kwa hii ya mwisho Mendeleev alitabiri uzito wa 72 na msongamano wa 5.5, vipimo vya leo ni 72.6 na 5.3.

Hata hivyo kulikuwa na fundo lililokataa kufunguka. Teluriamu ina uzito wa 127.6, iodini 126.9. Kwa mizani, iodini ingetangulia. Kwa tabia, iodini ni ndugu wa klorini bila ubishi, kwa hiyo lazima ije baada ya teluriamu. Mendeleev alifuata tabia, akaamini waliopima teluriamu wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Nafasi aliyoipa ilikuwa sahihi, sababu aliyoitoa haikuwa sahihi, kwa kuwa atomu yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa ndani.

Ilifunguliwa polepole. J. J. Thomson alitambua elektroni mwaka 1897, na Ernest Rutherford akaeleza mwaka 1911 kwamba karibu uzito wote wa atomu umejibana kwenye kiini kidogo mno katikati. Mwaka 1913 Henry Moseley, kijana aliyefanya kazi katika maabara ya Rutherford mjini Manchester, alipanga vipande vya metali juu ya kigari kidogo ndani ya mrija usio na hewa. Alikivuta kwa uzi wa hariri, kipande kimoja baada ya kingine kipigwe na elektroni na kutoa eksirei, naye akapiga picha ya mistari yake. Mistari ilisogea kwa hatua zenye mpangilio kutoka elementi moja hadi nyingine, kama ngazi. Kobalti, metali ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini kwenye ngazi ya Moseley ilitangulia: 27, kisha 28.

Namba hiyo ya kidato ni idadi ya protoni ndani ya kiini. Teluriamu inazo 52, iodini 53. Teluriamu inazidi kwa uzito kwa sababu atomu zake nyingi zina neutroni zaidi, chembe ambazo James Chadwick alizithibitisha mwaka 1932. Ngazi ilionyesha pia vidato vilivyokosekana, vikiwemo 43, 61 na 75, na vyote vilikuja kujazwa. Moseley hakuyaona hayo. Aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Idadi ya protoni huamua idadi ya elektroni, na mpangilio wa elektroni ndio unaoeleza koo zote. Sodiamu ina 11, zimekaa mbili, nane, moja. Potasiamu: mbili, nane, nane, moja. Ile moja ya nje ndiyo inayozifanya zote mbili zichachamae majini. Klorini ina saba nje, inahitaji moja kutimiza nane; sodiamu inatoa, klorini inapokea, na mpishi anapata chumvi.

Leo elementi ni 118 na mistari saba ya jedwali imejaa. Ya 113, nihoniamu, ilipatikana katika taasisi ya RIKEN nchini Japani kwa kurushia bismuthi, yenye protoni 83, atomu za zinki zenye 30. Atomu tatu tu zilionekana kati ya mwaka 2004 na 2012. Sasa watafiti wa taasisi hiyo wanaitafuta ya 119, itakayofungua mstari wa nane chini ya fransiamu. Wanarusha vanadiamu, elementi ileile inayoipa tanzanaiti ya Mererani rangi yake ya buluu, dhidi ya kyuriamu: 23 na 96. Nafasi imeshapimwa, na wanaotafuta wanajua itakaa ukoo gani.