Mwili Uliokosa Pumzi: Uhakiki wa Tiba ya Mwili na ya Sehemu za Nafsi kwa Jicho la Maziwa Makuu

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki mikabala miwili ya kutibu kiwewe. Wa kwanza ni wa mwili, ulioenezwa na Bessel van der Kolk katika The Body Keeps the Score (2014). Wa pili ni wa sehemu za nafsi, ulioasisiwa na Richard Schwartz nchini Marekani katika miaka ya 1980. Swali letu ni hili: je, istilahi za mikabala hii zinaweza kubeba uzoefu wa jamii za Maziwa Makuu bila kuupotosha? Rwanda ndiyo mfano wetu.

2. Mwili unaokumbuka

Van der Kolk anashikilia kwamba tukio la kutisha hubaki mwilini hata pale mtu anaposhindwa kulisimulia: moyo, pumzi na misuli huitikia hatari iliyokwisha kupita kana kwamba ingalipo. Dai hili si geni Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Wanyarwanda waliitaja hali hiyo kwa neno ihahamuka, lenye asili katika neno la mapafu, kwa maana ya kuishiwa pumzi kwa hofu. Kiswahili nacho huiweka hofu mwilini: roho humpaa mtu, mwili humsisimka, moyo humwenda mbio. Nadharia, basi, imefika mahali ambapo lugha zetu zilikwisha kufika. Udhaifu wake ni kuusoma zaidi mwili wa mtu mmoja mmoja. Katika maombolezo ya kila Aprili, mayowe ya mmoja huamsha ya wengine. Hapo unaokumbuka ni mwili wa umma.

3. Nafsi yenye wakazi wengi

Schwartz anaiona nafsi kama familia. Wamo wahamishwa, waliobeba maumivu. Wasimamizi, wanaoyazuia yasichomoze. Na wazimamoto, wanaokurupuka yanapochomoza, kwa ulevi au kwa hasira. Msemaji wa Kiswahili hashangazwi na picha hiyo, kwani husema kila siku kwamba nafsi yake inamsuta. Tatizo liko katika istilahi. Mfasiri akiandika "wakimbizi" badala ya "wahamishwa" atakuwa amegusa kidonda. Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959 na Warundi waliokimbia mwaka 1972 hawakuwa sitiari. Mhamishwa wa Schwartz hurejeshwa nyumbani kwa kusikilizwa. Mkimbizi wa kweli alihitaji pia shamba, hati na jirani wa kumpokea.

Zito zaidi ni fundisho linalobebwa na jina la kitabu chake No Bad Parts (2021), kwamba hakuna sehemu ya nafsi iliyo mbaya. Kwa manusura anayejilaumu kwa kujificha huku nduguze wakiuawa, fundisho hili ni faraja: sehemu iliyomnyamazisha ndiyo iliyomwokoa. Lakini likitamkwa mbele ya manusura huyohuyo kumhusu jirani aliyerudi kutoka gerezani, laweza kusikika kama msamaha uliotolewa bila yeye kuulizwa. Schwartz hutenganisha sehemu na tendo. Mtaalamu katika mazingira yetu hana budi kuitamka tofauti hiyo waziwazi. Tendo lilikuwa na mabaraza yake, Gacaca, yaliyofungwa mwaka 2012. Tiba haiwezi kuyafungua upya wala kuyafuta. Aidha, ushahidi wa mkabala huu bado ni mdogo: utafiti wake wa mwaka 2013 unaotajwa sana uliwahusu wagonjwa wa baridi yabisi, si manusura wa mauaji.

4. Hitimisho

Sosioterapia iliyoanzishwa Byumba mwaka 2005 inaonyesha njia nyingine. Majirani huketi pamoja, wakajenga kwanza usalama na kuaminiana, ndipo wafikie kumbukumbu. Hatupendekezi kuikataa mikabala tuliyoihakiki. Tunapendekeza istilahi zake ziundwe pamoja na manusura, na "wahamishwa" waitwe "sehemu zilizofichwa". Asiyeweza kuitamka tiba kwa lugha yake atabaki mgeni katika maumivu yake mwenyewe.