Kaure na Gae: Vyombo vya Wanyonge wa Mvita katika Makumbusho na katika Methali

Makumbusho, kama diwani, ni kazi ya uteuzi. Yuko aliyeamua kipi kiingie na kipi kiachwe, na uamuzi huo waweza kuhakikiwa. Ngome ya Yesu, iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikawa gereza la serikali ya kikoloni hadi 1958, na kisha ikageuzwa makumbusho. Humo mtazamaji hukabiliwa na kaure za Uchina, vyombo vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani, na mabaki ya merikebu Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Vyote vyastahili kutunzwa. Hata hivyo, uzito wa masimulizi haya umewaelemea wenye mizinga na wenye mali.

Ushairi nao ulitangulia kufanya uteuzi wa namna hiyo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, waomboleza majumba ya Pate yaliyobomoka na zidaka zake zilizopambwa kwa kaure. Katika maombolezo hayo, chombo ni alama ya fahari iliyopotea. Aliyekipangusa hatajwi.

Basi vyombo vya mchukuzi wa Kilindini na mkewe vimehifadhiwa wapi? Nyumba yao ilikuwa ya fito na udongo huko Majengo, nje ya Mji wa Kale lakini kisiwani humo humo. Vyumba vilipangishwa kimoja kimoja na mapishi yalifanyiwa uani. Waliishi na mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kinu na mchi, kata ya kutekea maji mtungini, upawa wa kupakulia mchuzi, kawa, mkeka na debe. Hao ndio waliogoma Januari 1947 wakidai ujira wa kutosha na maisha bora.

Jibu ni kwamba vyombo hivyo vimehifadhiwa katika methali. Methali za Mvita zilianza kupigwa chapa mapema. Mkusanyo wa W. E. Taylor ulitoka mwaka 1891. “Mfinyanzi hulia gaeni” ni hukumu kamili juu ya kazi na mali: atengenezaye chombo hana chombo. “Usiache mbachao kwa msala upitao” humpa heshima mwenye mkeka uliochakaa, kwa kuwa angalau ni wake. Nalo debe, lililoingia na mafuta ya taa kutoka ng'ambo, liligeuzwa chombo cha kuchotea maji na kipimo cha nafaka, na hata likakunjuliwa kuwa ukuta wa kibanda. “Debe tupu haliachi kuvuma” ni kauli ya mtu aliyelibeba likiwa limejaa na kulisikia likiwa tupu.

Hata hivyo, methali peke yake haitoshi. Mwanafunzi aweza kuikariri ile ya mfinyanzi pasipo kujua kuwa gae ni kipande cha chungu kilichovunjika. Hapo kejeli yote hupotea, na methali hubaki swali la mtihani. Vivyo hivyo, kifumbu kilichowekwa ndani ya kioo na kuandikwa jina tu ni ukili uliosukwa. Maana yake imo katika kukuna, kukamua na kuchuja, na katika kulitenga tui la kasimile na tui la pili. Wanaoyajua maneno hayo kwa mikono yao hupungua kila tui linaponunuliwa dukani likiwa tayari limetiwa katika kopo.

Kwa hiyo kukusanya vyombo vya nyumba ya mfanyakazi ni kazi ya isimu na fasihi kama ilivyo kazi ya makumbusho. Mbuzi ya nazi ipokewe pamoja na maelezo ya mwanamke aliyeikalia, kwa Kimvita chake, yakiwa yamerekodiwa na kuandikwa. Kaure yaweza kungoja, kwa kuwa imekwisha kupata watunzaji. Huyo mwanamke hawezi kungoja.