Walimu wa Wahubiri

Katika chuo cha Biblia, somo linalompima mwalimu kuliko yote ni la kuhubiri. Kwenye Kigiriki kuna jibu sahihi na jibu lisilo sahihi, na kwenye historia ya kanisa kuna miaka na majina ya kukariri. Lakini mwanafunzi anaposimama mbele ya wenzake, Biblia mkononi, ameleta moyo wake wote pale mbele. Tena wengi wao si wageni wa kazi hiyo. Wamehubiri miaka mingi vijijini kwao, wamezika, wamefariji wafiwa, wameketi na wagonjwa, na kuna walioanzisha makanisa chini ya mwembe kabla hawajajua insha ya darasani inaandikwaje. Mtu kama huyo utamkosoaje bila kumvunja moyo? Hapo ndipo ninapowavulia kofia walimu hawa.

Chukua sura ya 29 ya Yeremia. Wanafunzi wanaupenda sana mstari wa 11, ule wa Mungu kuwawazia watu wake mema. Tumeuona kwenye kalenda, kwenye kadi za harusi, kwenye vioo vya daladala. Mwanafunzi anauhubiri kama ahadi ya mwaka huu: kazi itapatikana, nyumba itaisha, madeni yatalipika. Wenzake wanaitikia amina, naye anaketi akifuta jasho. Mwalimu aliyekomaa haanzi na kosa. Anashukuru, kisha anauliza, "Ndugu, barua hii waliandikiwa akina nani?" Mateka waliopelekwa Babeli. "Na mstari wa 10 unasema watakaa huko miaka mingapi?" Sabini. Mwanafunzi anaanza kupiga hesabu mwenyewe. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa angefia ugenini. Halafu mwalimu anamrudisha sura moja nyuma, kwa nabii Hanania, aliyewatangazia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. "Sasa, mahubiri yako ya leo yamefanana na ya nani zaidi? Ya Yeremia, au ya Hanania?"

Ni swali zito, na ustadi wote uko katika kujua wakati wa kuliuliza. Likija mapema, linamwaibisha mtu mbele ya wenzake, na aliyeaibishwa hajifunzi, anajitetea. Likija baada ya yeye mwenyewe kuiona miaka ile 70, linamfungua macho. Wala mwalimu hamwachi hapo. Anamwambia asome tena kuanzia mstari wa tano, mahali mateka wanapoagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoza watoto wao na kuuombea mji uliowateka. Mwanafunzi anagundua kwamba kifungu alichodhani kinahusu kupokea haraka kinahusu kuishi vizuri wakati jibu limechelewa. Akihubiri tena, mahubiri hayo ya pili ninayaona bora mara nyingi kuliko ya kwanza, kwa sababu mjane aliyeomba miaka mingi bila kupata anaweza kuyashika akaenda nayo nyumbani. Na mwalimu hakumpa mwanafunzi hata sentensi moja ya kuhubiri. Alimpa maswali matatu tu, kwa mpangilio wake.

Mwalimu wa Kigiriki ana subira ya namna nyingine. Vizazi vya wanafunzi, wengi wao kwa kutumia kitabu cha John Wenham kilichotoka mwaka 1965, wamejifunza kunyambua kitenzi kilekile, luo, yaani "nafungua". Mwalimu anayewajua wanafunzi wake huanzia kwenye Kiswahili chao. Anayesema nafungua, unafungua, anafungua tayari anajua kwamba kitenzi kinaweza kumbeba mtendaji ndani yake. Kigiriki humbeba mkiani, luo, lueis, luei, ilhali sisi humbeba kichwani. Mtu aliyeingia darasani akiogopa lugha ya wasomi anatoka akijua kwamba lugha ya mama yake ilikwisha kumfundisha nusu ya somo. Na walimu walio bora huongeza onyo: Kigiriki ni cha mezani unapoandaa, si cha kuwaonyesha waumini Jumapili.

Kazi hii ina mizizi mirefu. Mhubiri Charles Spurgeon alipoanzisha Pastors' College mjini London mwaka 1856, mwalimu mkuu wake alikuwa George Rogers, mchungaji wa Kikongregesheni aliyebatiza watoto wachanga. Spurgeon alikuwa Mbatisti. Walitofautiana katika jambo ambalo makanisa yao yaligawanyika kwalo, na bado Spurgeon alimkabidhi vijana wake kwa miaka mingi. Nauheshimu sana uamuzi ule, maana alitazama kwanza kama mtu anajua kufundisha na kama anampenda Kristo. Yeye mwenyewe alizungumza na wanafunzi Ijumaa, wakiwa wamechoka na masomo ya wiki nzima, akiwafundisha jinsi ya kutumia sauti, kusimama, kutumia mikono na kusali mbele za watu. Mafundisho hayo yalianza kutoka kitabuni mwaka 1875.

Kwetu Afrika Mashariki, Scott Theological College ilifunguliwa Machakos mwaka 1962. Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa katibu mkuu wa jumuiya ya Wakristo wa kiinjili wa Afrika na Madagaska, alitaka bara hili liwe na vyuo vyake vya juu, walimu waandaliwe hapahapa. Alizama baharini Mombasa Desemba 1975, akiwa na miaka 39. Baada yake, chuo cha theolojia cha Bangui kilifunguliwa 1977, na kile cha Nairobi, NEGST, 1983. Pale NEGST, Samuel Ngewa alifundisha Agano Jipya kwa miaka mingi, na Africa Bible Commentary ilipotoka mwaka 2006, kazi ya waandishi 70 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo, sehemu ya Injili ya Yohana ilikuwa yake. Ukiisoma, unasikia mtu aliyeulizwa maswali na wanafunzi wa Kiafrika mwaka baada ya mwaka.

Maswali kama hayo ndiyo yaliyomsumbua mwanatheolojia Mkenya John Mbiti. Katika miaka ya 1970 alisimulia kisa cha msomi anayerudi kijijini na shahada ya udaktari na lugha kadhaa za kigeni. Katikati ya sherehe ya kumpokea, dada yake anapiga kelele na kuanguka. Wanakijiji wanasema ana pepo, wote wanamgeukia yeye, na vitabu vyake havimwambii la kufanya. Mwalimu mzuri wa theolojia hulileta jambo kama hilo darasani kabla mwanafunzi hajakutana nalo peke yake: leo mgonjwa yuko mbele yako, familia inataka mganga, daktari yuko mbali, wewe ni mchungaji, utafanya nini, na utasema nini?

Halafu yapo mafunzo kwa vitendo, ambayo watu wa nje hawayaoni. Mwalimu anapanda basi hadi ushirika alikotumwa mwanafunzi wake, na anaketi benchi la nyuma. Ibada ikiisha hamwendei mwanafunzi kwanza. Anawauliza wazee wa kanisa, kisha kina mama wa kwaya, kisha vijana waliosimama nje: mmesikia nini leo? Wakimsimulia kifungu, anaandika. Wakimsimulia sauti na suti ya mhubiri, anaandika pia. Ndipo anapoketi na mwanafunzi, wanafungua Biblia mahali palepale, na kama kazi bado, anamwomba akihubiri kifungu hichohicho tena Jumapili nyingine, mbele ya watu walewale.