Harari Akifika Nuu, "Sisi" ni Nani?

Nilinunua Sapiens barabarani Nairobi, hatua chache kutoka Muindi Mbingu Street. Muuzaji alianzia mia tano, tukaelewana mia tatu. Ilikuwa nakala ya kuchapishwa kichochoroni, wino umefifia, kurasa mbili zimepinduka. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minne kabla (karo, hadithi ndefu) na tangu hapo sikuwa nimefungua kitabu. Hiki nilikimaliza kwa siku sita. Kwa hivyo kabla sijamlima Yuval Noah Harari, nikiri deni langu: yeye ndiye aliyenirudisha kwa vitabu.

Na siko peke yangu, maana meza nyingi za vitabu mjini zinamuuza. Harari ni mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem. Alianza na historia ya vita vya Ulaya ya enzi za kati, kisha Sapiens ikatoka kwa Kiebrania mwaka 2011 na kwa Kiingereza 2014, halafu zikafuata Homo Deus na nyingine. Anachukua biolojia, uchumi, dini na siasa, anavifunga mzigo mmoja ambao hata mtu aliyepata D ya sayansi anaweza kuubeba. Hoja yake kubwa ni kwamba binadamu alitawala dunia kwa sababu anaweza kuamini, pamoja na watu asiowajua, vitu visivyoshikika: taifa, kampuni, thamani ya pesa. Ukishaisoma hoja hiyo, noti ya elfu moja huitazami tena vile vile.

Shida yangu ilianza mwisho wa Januari, nilipoenda nyumbani Nuu, ng'ambo ya Mwingi, kusaidia kuvuna ndengu. Jioni moja, susu akipeta, nikamweleza ile sehemu ya kilimo. Harari anasema hatukuifuga ngano, ngano ndiyo iliyotufuga. Ilituinamisha shambani, tukapata kazi nyingi na mlo mbaya kuliko wawindaji waliotutangulia. Nilidhani susu atacheka. Akasema ni kweli kabisa, mgongo wake ni shahidi. Kisha akauliza, "Lakini huyo akisema 'sisi', ni kina nani?"

Swali hilo lilinirudisha ukurasa wa kwanza.

Soma Sapiens tena ukihesabu hizo "sisi". Karibu kila mahali mhusika ni mmoja: Sapiens akavuka bahari, Sapiens akachoma msitu, Sapiens akanaswa na nafaka. Inasomeka tamu, lakini ndani ya spishi nzima hamna mtu anayebishana na mwenzake. Shambani kwa susu wabishi wapo. Mahindi anayopanda ni Katumani, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Machakos miaka ya 1960 ili ikomae kabla mvua haijakatika. Haikufanywa chotara, kwa hivyo mkulima anaweza kujiwekea mbegu ya msimu ujao. Susu anaijua kwa jina. Kuna mwaka aliiacha, kuna mwaka aliirudia. Kati yake na mahindi hayo kumekuwa na majadiliano marefu, na si kila mara mahindi yameshinda.

Tusimwonee Harari. Ana sura nzima kuhusu jinsi sayansi na ukoloni zilivyofunga ndoa, akianza na James Cook aliyeondoka Uingereza 1768 kwenda kupima Zuhura ikipita mbele ya jua. Ni sura nzuri, ila muda mwingi tumekaa merini. Walioko ufukweni tunaona wakiumizwa, wakijibu, hatuwasikii.

Sasa nirudi kwa jina la ile barabara niliponunua kitabu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos, wilaya iliyokuwa na Makueni ndani yake, wana ng'ombe kupita uwezo wa ardhi. Wataalamu walikuwa na ripoti, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini ardhi haikupungua yenyewe. Walowezi walikuwa wamechukua vilima vya Mua, na kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilitaka ng'ombe wa bei ya chini. Ng'ombe wakakamatwa, wakapigwa mnada. Julai, wanaume kwa wanawake na watoto wakafunga safari hadi Nairobi kumtaka gavana, wakakaa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo serikali ikaacha kukamata ng'ombe kwa nguvu.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka kutoka kama 240,000 miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado udongo ukatunzwa vizuri kuliko zamani. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya mwethya na matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu. Kusema kweli kitabu hicho hakisomwi ndani ya matatu, kimejaa majedwali. Kimepingwa pia, kwamba Machakos ilibebwa na ujirani wa Nairobi na mishahara yake. Ukikaa Nuu unaelewa upesi wapinzani wanasema nini. Lakini angalau kinapingika. Dai lenye mahali na mwaka, susu anaweza kulikagua. Dai la spishi nzima unalipokea tu kama hali ya hewa.

Hilo lilinigusa kuliko nilivyotaka kukubali. Katika Homo Deus Harari anaonya kwamba mashine zinaweza kufanya watu wengi wasiwe na kazi wala umuhimu. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilijitikisa kichwa na kukubali. Nilikuwa sina digrii, nalala kwa rafiki Umoja, na tayari nilijihesabu kwenye hiyo ziada. Sikuuliza nani atanunua hizo mashine, wala nani kasema mimi nimezidi. Watu wa 1938 waliambiwa ng'ombe wao wamezidi, wakaja mjini kwa miguu kuuliza.

Bado nasema msome Harari, hata ile nakala ya mia tatu. Msome penseli mkononi, na kila akiandika "sisi" uweke alama ya kuuliza. Yangu nimemwachia binamu yangu wa kidato cha tatu kule Nuu. Nimemwambia akiimaliza anipigie simu tubishane.